Gari la Jumatatu

Ndani ya gari lenye gia za otomatiki kuna kiungo kimoja ambacho dereva hakioni, hakigusi, wala hakisikii mpaka siku kitakapoharibika. Kimejificha kati ya injini na giaboksi, kina umbo la andazi kubwa la chuma, na ndani yake mna mapezi na mafuta. Mafundi hukiita konveta ya toki. Mimi katika kurasa hizi nitakiita konveta tu. Mwenye gari lisiloguswa tangu litoke kiwandani hana haja ya kuisumbukia konveta, kwa kuwa wahandisi walikwisha kuisumbukia kwa niaba yake. Lakini mtu akianza kuongeza hiki na kubadili kile katika injini, hata kidogo tu, ulinganifu uliowekwa na kiwanda huvunjika, na suala la konveta humbishia hodi mlangoni. Nakusudia kulieleza suala hilo hapa, kwa sababu lilipoingia nyumbani kwangu halikuingia kama suala la chuma peke yake.

Ulikuwa mwaka 2022. Tunakaa Pittsburgh, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, mji wa vilima na mito mitatu. Kifungua mimba wangu, aliyekuwa na miaka 20, alidunduliza mshahara wake wa kazi ya ghalani kwa miaka miwili, akanunua Chevrolet Nova ya mwaka 1972. Ni gari la zamani lenye injini ya V8 ya lita 5.7, ambayo Wamarekani huiita 350 kwa hesabu ya inchi za ujazo, na giaboksi ya otomatiki ya gia tatu. Mwenyewe wa kwanza, mzee mmoja mstaafu, alikuwa ameiongezea injini makali kidogo: kamshafti yenye kuacha vali wazi kwa muda mrefu zaidi, kabureta ya midomo minne, na mabomba mapya ya eksozi. Konveta aliiacha ileile ya kiwandani. Difu nayo ilikuwa ya kiwandani, ya uwiano wa 3.08, yaani mhimili unaotoka kwenye giaboksi huzunguka mara tatu na kidogo ili magurudumu yazunguke mara moja.

Gari lilikuwa zuri kulitazama, na sauti yake ilipendeza. Aibu yake ilikuwa taa za barabarani. Likisimama likiwa ndani ya gia, lilikuwa likisukuma breki kama ng'ombe anayevuta kamba. Kijana akishusha mizunguko ya injini ili litulie, injini ilizimika. Akiipandisha mpaka 900 kwa dakika ili isizimike, gari lilitaka kwenda. Na breki zenyewe zilikuwa ngumu mguuni, kwa sababu kisaidizi cha breki katika magari hayo hutegemea mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini, na kamshafti ya namna ile hupunguza mvuto huo injini inapokwenda polepole. Asubuhi kijana alikuwa akimpeleka mdogo wake shule kabla ya kwenda kazini. Siku moja mke wangu alipanda pamoja nao, akaona gari likijongea taratibu kwenye kivuko cha wanafunzi huku mguu wa mwanawe umekaza breki. Jioni aliniambia, "Baba watoto, hili gari lina haraka kuliko mwenyewe. Lirudishwe lilivyokuwa, au binti yangu atapanda basi."

Kijana naye alikuwa na dawa yake. Alitaka kufunga konveta nyingine, na namba aliyokuwa ameitia moyoni ilikuwa 3,500.

Ili msomaji aelewe namba hiyo ni ya nini, hatuna budi kuingia ndani ya andazi lile la chuma. Sisi tuliojifunza kuendesha kwa klachi tunajua kwamba injini na magurudumu hukutanishwa kwa sahani mbili zinazosuguana. Konveta ya gari kama hili haina msuguano wa namna hiyo. Fikiria mapangaboi mawili yanayotazamana. Ukiliwasha moja, upepo wake utalizungusha la pili, ingawa hayakugusana. Ndani ya konveta, mahali pa upepo pana mafuta. Gurudumu la kwanza, liitwalo pampu, limefungwa kwenye injini nalo huyatupa mafuta. La pili, liitwalo tabini, huyapokea na kuizungusha giaboksi. Katikati yao mna gurudumu dogo la tatu, ambalo nitaliita kielekezi. Mafuta yanapotoka kwenye tabini huwa yameelekea upande usiofaa, na yangerudi hivyo yangeikwaza pampu. Kielekezi huyageuza yarudi yakiisaidia. Kwa ajili ya kielekezi hicho, konveta si kiunganishi tu: gari linapoanza kuondoka, huweza kuizidisha nguvu ya injini ya kusokota mara mbili au zaidi kidogo. Kisha kadiri tabini inavyoikaribia kasi ya pampu, nyongeza hiyo hupungua mpaka ikaisha.

Ubunifu huu haukuanzia kwenye magari. Aliyeuandikishia hataza mwaka 1905 ni mhandisi wa Kijerumani, Hermann Föttinger, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha meli cha Vulcan mjini Stettin. Shida yake ilikuwa ya baharini: tabini za mvuke zilikuwa zikizunguka mbio sana, na rafadha ya meli ilitaka kwenda polepole kwa nguvu nyingi. Ilikuwa mwaka 1948 ndipo Buick walipoanza kuuza magari yenye giaboksi ya Dynaflow, iliyotegemea konveta, na Chevrolet wakafuata mwaka 1950 na Powerglide yao. Naona inafaa kukumbuka asili hiyo. Tangu siku ya kwanza konveta ilikuwa mpatanishi wa pande mbili zisizokwenda mwendo mmoja, na mpatanishi hachaguliwi kwa kuusikiliza upande mmoja tu.

Sasa namba yenyewe. Ukilizuia gari lisiende kabisa, ukakanyaga mafuta mpaka mwisho, injini itapanda hadi kiwango fulani kisha itakwama hapo, kwa kuwa mafuta yaliyomo ndani ya konveta hayairuhusu kupita. Kiwango hicho ndicho kasi ya kukwama. Konveta ya kiwandani ya gari la namna hii ni pana, kiasi cha inchi 12, na hukwama chini, pengine kwenye 1,700 hivi. Iliyo nyembamba zaidi, ya inchi 10, hukwama juu, na mwinamo wa mapezi nao una neno lake. Faida ya kukwama juu ni kwamba injini yenye kamshafti kali, ambayo chini ni dhaifu, hupata nafasi ya kupanda mpaka pale ilipo na nguvu ndipo gari lianze kubeba mzigo. Faida ya pili ndiyo iliyokuwa dawa ya maradhi yetu: konveta iliyolegea haiikabi injini gari likiwa limesimama. Injini hupumua, mvuto wake wa hewa huongezeka, na gari huacha kusukuma breki.

Wengi hudhani namba hiyo imechongwa ndani ya konveta, kama vile kipimo cha kiatu. Sivyo. Inategemea pia injini iliyo nyuma yake. Chukua konveta ambayo injini yenye nguvu ya kusokota ya futi-pauni 256 huifikisha kwenye 2,000. Kipeuo cha pili cha 256 ni 16. Gawa 2,000 kwa 16, utapata 125. Hiyo 125 ndiyo tabia ya konveta yenyewe. Ifunge konveta hiyohiyo kwenye injini yenye futi-pauni 400, ambayo kipeuo chake cha pili ni 20, nayo itakwama kwenye 2,500. Kwa hiyo mtu akikwambia ya kwake ni ya 3,000, hajakwambia kitu mpaka akueleze injini yake, uzito wa gari lake na difu yake. Waswahili walikwisha kusema kwamba kila ndege huruka kwa ubawa wake. Na ubawa wa jirani, hata ukiwa mrefu, hauazimwi.

Kila faida ina gharama yake, na gharama ya konveta ni joto. Kila mzunguko ambao injini imeuzunguka na magurudumu hayakuupata haukupotea hewani. Umegeuka joto ndani ya mafuta. Injini inayotoa futi-pauni 324 kwenye mizunguko 2,250 inatoa kilowati 100 na ushei. Gari likiwa limezuiwa, nguvu yote hiyo inaingia kwenye lita chache za mafuta. Ni kama kuwasha pasi 100 za umeme na kuzitumbukiza zote katika ndoo moja. Ndiyo maana jaribio la kukwamisha injini kwa breki halifanywi zaidi ya sekunde chache. Mafuta ya giaboksi hupenda kukaa karibu na nyuzi 80 za Selsiasi. Yakipita 115 hivi huanza kuungua na kuacha utando mfano wa vanishi, na yakiendelea kupanda, sili hukauka na sahani za ndani huteketea. Giaboksi nyingi za otomatiki zimekufa kwa joto, na chuma chao kikiwa bado kizima.

Nilimweleza kijana haya yote tukiwa gereji, naye alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Baba, wote wenye magari kama haya wanaweka kuanzia 3,000."

Nikamwuliza, "Na wote hao wanapeleka wadogo zao shule?"

Akanyamaza kidogo, halafu akanijibu neno ambalo sikuweza kulipinga. "Hawapeleki. Lakini hii ya kiwandani nayo si ya gari hili, baba. Mama anataka nirudi kwenye kitu ambacho hakipo tena. Injini iliyotengenezewa konveta hii ilishaondoka."

Alisema kweli. Mama yake alikuwa akilitetea gari la mwaka 1972 kama lilivyotoka kiwandani, na yeye alikuwa akilitetea gari la Jumamosi usiku, gari la mashindano ambalo bado hakuwa nalo. Lililokuwa mbele yetu lilikuwa la tatu, gari la Jumatatu asubuhi, na hilo halikuwa na mtetezi. Nikashauri tusibishane juu ya namba mpaka gari lenyewe litoe ushahidi. Kijana alikuwa amekwisha kufunga kipima mizunguko kwenye usukani. Kwa siku nne nilikaa pembeni yake na daftari, kutoka nyumbani Greenfield hadi shuleni, kutoka shuleni hadi ghalani, na kurudi.

Daftari lile halikusema uongo. Sehemu kubwa ya safari injini ilikuwa kati ya 1,300 na 2,600. Kwenye barabara kuu, kwa mwendo wa maili 60 kwa saa, hesabu ya difu ya 3.08 na tairi za kimo cha inchi 26 hutoa mizunguko 2,388, na sindano ilisimama juu ya hapo kidogo tu. Kwenye foleni ya handaki la Squirrel Hill tulijikongoja kwa dakika nyingi, tukisimama na kwenda, kusimama na kwenda. Kupita 4,000 niliona mara tatu, na mbili kati ya hizo alikuwa akinionyesha mimi.

Jambo lililoamua shauri lilikuwa vilima. Pittsburgh ina mtaa uitwao Canton Avenue, huko Beechview, wenye mwinuko wa asilimia 37. Hatupiti huko, lakini njia zetu za kila siku ni wadogo zake. Ukipanda kwa maili 35 kwa saa ukiwa gia ya tatu, magurudumu na difu vinataka injini izunguke mara 1,393 tu. Hapo mzigo ni mkubwa na mwendo ni mdogo. Konveta iliyolegea sana, ya kukwama 3,500, ingeiacha injini ipande juu sana ya mizunguko hiyo huku gari likipanda kwa mwendo uleule, na tofauti yote ingekuwa joto. Kuna wasemao kwamba konveta huteleza tu kila injini iwapo chini ya kasi ya kukwama. Hilo nalo halikukamilika: kwenye tambarare, mguu ukiwa mwepesi, hata konveta ya juu huteleza kidogo tu, kwa maana mzigo ni mdogo. Kuteleza hufuata mzigo. Lakini mji wetu hauna tambarare ya kujisifia.

Kijana aliyasoma maandishi yangu yote, ukurasa kwa ukurasa. Sikumwambia neno. Alichukua kalamu, akaikata ile 3,500 aliyokuwa ameiandika kwenye jalada.

Tulipiga simu maduka mawili. La kwanza lilituuliza swali moja tu: tunataka namba gani? La pili muuzaji wake aliuliza uzito wa gari, nasi tukamjibu pauni 3,300 hivi. Akauliza vipimo vya kamshafti, akauliza difu, akauliza kimo cha tairi, akauliza injini inazunguka mara ngapi gari likiwa limesimama ndani ya gia. Mwisho akauliza, "Na gari hili linaenda wapi kila siku?" Kijana akamtajia shule, ghala na vilima. Yule bwana akapendekeza konveta ya inchi 11, ya kukwama kati ya 2,200 na 2,400 kwa injini kama yetu, na akasisitiza tuongeze kipoza mafuta mbele ya rejeta. Kijana alinunua kwake, kwa fedha yake mwenyewe. Mimi nilitoa fedha ya kipoza.

Kazi ya kuifunga tuliifanya pamoja siku mbili za mapumziko. Konveta mpya humiminiwa mafuta kwanza, isije ikaanza kuzunguka ikiwa kavu. Kisha husukumwa kwenye giaboksi huku ikizungushwa taratibu mpaka ikae sawasawa, na fundi hujua kwa kusikiliza: italia "ngo" mara tatu, maana ina meno ya sehemu tatu yanayopaswa kuingiana. Asiyengoja "ngo" ya tatu akakaza bolti za injini kwa nguvu, huivunja pampu ya giaboksi kabla gari halijatoka uani. Mwisho hupimwa nafasi iliyobaki kati ya konveta na sahani ya injini, kiasi cha milimita 3 hadi 5, ndipo bolti zake zifungwe. Kijana alihesabu kwa sauti, "Moja. Mbili," akatulia, akazungusha tena, "Tatu." Nilifurahi kuona kwamba hakuwa na haraka.

Sitasema kwamba gari likawa la ajabu. Halikuwa mbio kuliko ya marafiki zake, na mafuta linakunywa zaidi kidogo ya zamani. Lakini linasimama. Kwenye taa injini inanguruma kwa utulivu, mguu umewekwa juu ya breki bila kukazwa, na breki yenyewe imelainika kwa sababu mvuto wa hewa umerudi. Likiondoka, ule uzito wa mwanzo haupo tena. Joto la mafuta, hata kwenye foleni ya handaki mwezi wa Julai, halikutupa wasiwasi. Mke wangu alipanda tena hadi shuleni. Kwenye kivuko aliutazama mguu wa mwanawe, sio barabara. Waliporudi alisema tu, "Limepata adabu," akaingia jikoni. Na binti hakupanda basi.

Tangu hapo vijana wenzake huja gereji kuuliza ushauri, nami husikia akiwauliza maswali yaleyale ya yule muuzaji. Wengine hukasirika, wakidhani anawadharau. Namba kubwa imekuwa kama cheo. Anayetaja 2,300 mbele ya wenye 3,500 huonekana amejikubalia kuwa mdogo. Yeye huwajibu kwamba konveta haijui majivuno, inajua mzigo na mwendo. Anasema pia kwamba siku akibadili difu akaweka 3.73, mizunguko ya barabara kuu itafika karibu 2,900, na hapo atakaa tena na daftari, huenda namba nayo ikapanda. Sina la kumpinga. Gari la kesho litachaguliwa kesho.

Mimi nimebaki na fikra moja ambayo kila nikiigeuza naiona ina upande mwingine. Kumkataza kijana ni rahisi, na kumwachia pia ni rahisi. Vyote viwili havihitaji kukaa pembeni yake siku nne ukiandika namba. Kilichotupatanisha katika nyumba ile hakikuwa busara yangu wala elimu ya mtu yeyote. Ni kwamba sote watatu tulikubali kulitazama gari linalotoka uani kila asubuhi, pamoja na barabara inayopita na aliyeketi kiti cha nyuma na mkoba wake wa shule mapajani.